Mbwa mweusi wa Suffolk: shetani, radi au mlinzi wa makaburi?

Mdadisi:
Ndugu wanajukwaa, katika masimulizi ya kale ya Uingereza nakutana mara kwa mara na mbwa mkubwa mweusi mwenye macho yanayowaka, ambaye huko Norfolk na Suffolk huitwa Black Shuck. Husimuliwa kwamba Jumapili ya tarehe 4 Agosti 1577 aliingia kanisani mjini Bungay ibada ikiendelea, akaua watu, kisha siku hiyohiyo akazuka Blythburgh na kufanya vivyo hivyo. Je, kisa hiki kina mzizi wowote wa kweli?

Mpekuzi:
Mzizi upo, ila si mbwa. Siku hiyo ilipiga dhoruba kali ya radi, na kumbukumbu za kanisa la Bungay zinataja watu wawili waliokufa kwenye mnara wa kengele, pasipo neno lolote kuhusu mnyama. Aliyemleta mbwa ni Abraham Fleming, mwandishi wa London, katika kijitabu kilichotoka mwaka huohuo. Anaeleza kwamba mnyama alipita katikati ya watu wawili waliopiga magoti wakisali, na kufumba na kufumbua akawa amewanyonga shingo wote wawili. Wa tatu akanusurika, lakini mwili wake ukajikunyata kama kipande cha ngozi kilichotiwa motoni. Mtu anayejua madhara ya radi hatapata shida kuelewa maelezo hayo. Blythburgh nako, mlango wa kaskazini wa kanisa ungali na madoa meusi ya kuungua, ambayo wenyeji huyaita alama za vidole vya shetani.

Jambo moja husahaulika: Fleming hamwiti mnyama huyo Shuck. Jina hilo lilianza kuonekana katika maandishi yaliyochapwa mwaka 1850, na ndipo watu wakaliunganisha na kisa cha kale.

Bibi Maktaba:
Nakubaliana na Mpekuzi kuhusu radi, lakini naomba tusimfanye kila mbwa mweusi wa Uingereza kuwa shetani. Barghest wa Yorkshire ni kweli anaogopwa, kwa kuwa anayemwona hutarajia kifo. Hata hivyo, katika eneo hilohilo iliaminika kwamba anayezikwa wa kwanza katika makaburi mapya ndiye atakayeyalinda daima, hivyo mbwa mweusi alizikwa upande wa kaskazini ili roho ya binadamu isibebeshwe kazi hiyo. Kule Lincolnshire, Ethel Rudkin alichapisha mwaka 1938 masimulizi aliyoyakusanya vijijini, ambamo mbwa huyo ni mpole na huwasindikiza wanawake wanaotembea peke yao usiku.

Mdadisi:
Nashukuru sana, Bibi. Basi kwa nini Fleming hakutosheka na radi?

Mpekuzi:
Kwa sababu lengo lake halikuwa kuripoti hali ya hewa. Kijitabu chake ni wito wa toba: dhoruba inayoua waumini ndani ya nyumba ya ibada ilihitaji kufafanuliwa kuwa ni onyo la Mungu, na shetani mwenye umbo la mbwa aliwaingia wasomaji akilini upesi kuliko radi tupu. Tena vijitabu vya aina hiyo viliuzwa kwa pesa, na sidhani kwamba mchapaji alilisahau hilo.