Mwanafunzi wa sekondari kulipwa akijifunza kazi makumbusho, Bongo ipo?

mama_wa_temeke: Wadau, binti yangu yupo fom tri, shule iliwapeleka Makumbusho ya Taifa pale Shaaban Robert wakaonyeshwa habari za Zinjanthropus, lile fuvu la kale la jamii ya binadamu, tangu siku hiyo hanipumzishi, anataka kuelekeza wageni. Nasikia makumbusho ya Met kule New York wanachukua wa sekondari na wanawalipa kabisa. Huku je?

konda_mstaafu: Mama, bila posho anayeweza ni mtoto wa mwenye nacho tu. Mi nilijitolea likizo sehemu moja (siitaji), nauli ya daladala mfukoni kwangu, wiki nzima nafuta vioo.

dada_kijito: Pole kaka 😂 Ila kuelekeza sio kukariri. Watoto wa la nne ukiwaambia mtafiti Mary Leakey aliliona fuvu hilo Olduvai 1959 wanapiga miayo, waulize mbona magego makubwa hivyo, hapo watagombania kujibu. Aanze na wadogo zake nyumbani. Halafu aende Kijiji cha Makumbusho, kwenye zile nyumba za asili, aulize mwenyewe nafasi za likizo, na barua ya shule mkononi.

mama_wa_temeke: Asante mdogo wangu, barua kesho. Nauli natoa mimi, posho tutadai mbele ya safari 😄