Pochi ya kripto kwenye simu: ufunguo akae nao nani?

Mleta mada, Dar es Salaam
Wadau, tuko vijana watatu hapa Sinza tunatengeneza programu ya pochi ya kripto (sarafu za kidijitali kama bitcoin) kwa simu za Android, na tumegawanyika. Mtu akifungua pochi, ufunguo wa siri, yaani ile namba ndefu inayoruhusu kutoa pesa, ubaki ndani ya simu yake na apewe maneno 12 ya kuurejeshea simu ikipotea, au tuutunze sisi, yeye awe anaingia kwa namba ya simu na namba ya siri kama alivyozoea?

Mimi nasema abaki nao mwenyewe. Februari 2014 Mt. Gox, soko la bitcoin la Tokyo lililowatunzia wateja sarafu zao, ilitangaza kupotelewa na bitcoin zipatazo 850,000, nyingi zikiwa za wateja. Novemba 2022 ikaanguka FTX, soko jingine la kripto. Wateja wale hawakuibiwa simu wala hawakusahau chochote. Walimkabidhi mtu mali yao, basi. Sisi na chumba chetu kimoja tunapata wapi ujasiri wa kuomba imani hiyo?

Mchangiaji, Nakuru
Ndugu, hoja naielewa, ila ngoja nikwambie yaliyompata shangazi yangu, anauza mitumba. Pochi ya aina hiyo nilimwekea mimi mwenyewe, nikamwambia ayaandike maneno. Akapiga picha ya skrini. Simu ikaibiwa kwenye matatu, picha ikaenda nayo. Akanipigia kwa simu ya jirani: "Sasa nimpigie nani anirudishie?" Nikakosa jibu, na hadi leo linaniuma. Tangu M-Pesa ianze mwaka 2007, mtu wetu anajua simu ikipotea anarudisha laini na salio analikuta. Unamvua ulinzi huo halafu unauita uhuru?

Fundi programu, Arusha
Wakuu, kuna jambo mnaliruka. Maneno hayo hutoka kwenye orodha ya maneno 2,048. Zipo orodha za Kiingereza, Kijapani, Kihispania, Kifaransa na lugha nyingine chache; Kiswahili hakimo. Bibi anakili neno asilolijua maana, herufi ikikosewa atagunduaje?

Nilijaribu kutunga orodha yetu. Katika ile ya Kiingereza herufi nne za mwanzo zinatosha kulitambua kila neno. Sasa chukua kitabu, kitanda, kitambaa, kitani: yote "kita". Ngeli zetu zinameza herufi za mwanzo. Na hata ukifanikiwa, pochi nyingi hazitaitambua orodha yako, kwa hiyo kampuni yenu ikifa mteja amekwama. Msibuni yenu. Wekeni maelezo ya Kiswahili kizuri, na zuieni picha ya skrini kwenye ukurasa wa maneno. Hilo moja lingemsaidia shangazi wa Nakuru.

Mchangiaji, Mombasa
Kwani lazima ufunguo uwe mmoja? Bitcoin inaruhusu funguo tatu, mbili zikitosha kutoa pesa. Mmoja kwenye simu, mmoja kwa kampuni, wa tatu kwa ndugu anayeaminika. Simu ikipotea, mbili zilizobaki zinaokoa mali, na kampuni peke yake haigusi hata senti. Mkija Kenya muoneni mwanasheria kwanza, maana sheria ya mali za kidijitali iliyotiwa saini Oktoba 2025 imeleta leseni kwa wanaowatunzia watu mali hizo.

Mfanyabiashara, Mwanza
Kaka wa Mombasa, huyo ndugu wa ufunguo wa tatu ni nani? Mimi akiba naiweka pembeni kwa sababu nyumbani wakijua ninayo, haimalizi wiki. Mnatuambia tumkabidhi ufunguo mtu tunayemficha.

Mleta mada
Dada, hilo hatukuliwaza kabisa, ahsante. Basi ufunguo wa tatu mtu aruhusiwe kuuandika kwenye karatasi aufiche anakojua yeye, bila kutaja jina la yeyote. Na anayeomba kurejesha pochi tumsubirishe saa 48, huku tukituma taarifa kwenye simu ya zamani, ili kama ombi ni la mtu mwingine mwenyewe aweze kulizuia.

Mchangiaji, Nakuru
Na simu ya zamani ikiwa ndiyo iliyoibiwa? Mwizi atapokea taarifa hiyo na kuzuia ombi la shangazi.