Tanzania na Zambia: ukiondoa hotuba, urafiki huu wa miaka 60 umetufaa nini?

Mleta mada
Ndugu wanajukwaa, kila viongozi wa Tanzania na Zambia wanapokutana tunakumbushwa udugu ulioasisiwa na Mwalimu Nyerere na Mzee Kaunda. Siubezi hata kidogo. Ninaomba tu kueleweshwa: ni manufaa gani ya kimkakati ambayo nchi hizi zimeyapata kwa uhusiano huo, na ambayo zisingeyapata kwa mkataba wa kawaida wa biashara?

Jibu la 1
Ndugu mleta mada, anzia Novemba 11, 1965, siku serikali ya walowezi wachache wa Kizungu ya Ian Smith ilipojitangazia uhuru kule Rhodesia, Zimbabwe ya leo. Zambia ilikuwa na umri wa mwaka mmoja tu, haina bahari, na shaba iliyokuwa ikiiingizia karibu fedha zake zote za kigeni ilipita kwenye reli ya jirani ambaye sasa amegeuka hasimu. Ilimbidi Mzee Kaunda aelekee Dar es Salaam. Mafuta yalianza kusafirishwa kwa malori katika barabara ya vumbi ambayo masika ikigeuka tope. Mwaka 1968 bomba la TAZAMA, lenye urefu wa kilomita 1,710, likaanza kuyapeleka hadi Ndola, Zambia. Na mwaka 1976 ikakabidhiwa reli ya TAZARA, kilomita 1,860, iliyojengwa kwa mkopo wa China usio na riba baada ya Benki ya Dunia kuuona mradi huo hauna faida. Mfanyabiashara angeishia kwenye hesabu hizo za benki. Nchi hizi mbili zilijenga kwa sababu kila moja ilijua kwamba usalama wake uko mikononi mwa mwenzake.

Jibu la 2
Niongeze upande wa Tanzania, maana husahaulika. Bandari ya Dar es Salaam haiishi kwa mizigo yetu peke yake; shehena ya Zambia, na ya Kongo inayopitia Zambia, ndiyo inayojaza malori yanayopanga foleni pale Tunduma. Vilevile reli hiyo ilizifikia Kilombero, Makambako na Mbeya, ambako sidhani kama tungejenga reli kwa mahitaji yetu wenyewe.

Jibu la 3
Nakubaliana nanyi, lakini tusipambe. Oktoba 1978 Mzee Kaunda alilazimika kuifungua tena njia ya kusini kupitia Rhodesia, jambo ambalo halikumpendeza Mwalimu, kwa kuwa reli na bandari zilikuwa zimelemewa huku wakulima wa Zambia wakisubiri mbolea. Urafiki ulikuwepo, uwezo wa kubeba mizigo haukutosha. Hata leo, nenda Kidatu: reli ya TAZARA ina upana wa milimita 1,067 na ile ya zamani ya Tanzania ina 1,000, kwa hiyo mzigo hushushwa behewa moja na kupakiwa jingine kwa sababu ya tofauti isiyofika upana wa kiganja.

Nasisitiza hili kwa sababu Zambia sasa ina pa kuchagua. Njia ya reli hadi bandari ya Lobito, Angola, inaungwa mkono na Marekani na Umoja wa Ulaya. Makubaliano ya kuifufua TAZARA, yaliyotiwa saini Beijing Septemba 2024, nayapokea kwa moyo mmoja. Ila mwenye shaba Ndola atatuuliza mzigo wake utafika bandarini baada ya siku ngapi.