Watazamaji wanapanda jukwaani kutunza katikati ya igizo. Niwazuie?

Mwongozaji wa Kirumba:
Wakuu, salaam. Naongoza kikundi cha vijana kumi na mmoja hapa Mwanza. Jumamosi tulionyesha igizo letu la kuchekesha lililojengwa juu ya nyimbo za dansi za zamani. Wazo nilitoa kwenye igizo la muziki la Mamma Mia!, lililoanza London mwaka 1999: mwandishi Catherine Johnson alichukua nyimbo za bendi ya ABBA ambazo watu wanazijua tayari, akazitafutia hadithi. Nikasema sisi tunazo za Morogoro Jazz na za Marijani Rajab, na wazee wetu wanaziimba neno kwa neno.

Hadithi yetu ni binti wa Luchelele anayeolewa, na baba yake aliyetokomea miaka mingi anashuka na meli ya Nansio siku ya sendofu. Watu walicheka mpaka wakafuta machozi. Kisha mama wa binti anamwimbia yule mume wimbo wa taratibu, wa kulalamika. Hajamaliza ubeti wa kwanza, mama mmoja kainuka safu ya tatu, kitenge kipya, anakuja kwa madaha. Akapanda, akambandika mwigizaji wangu noti ya elfu tano kwenye paji la uso. Ikaganda kwa jasho. Wakafuata wengine sita. Mume kasimama na sanduku mkononi, hajui aseme lini. Mwigizaji wangu akatabasamu, akasema, "Asante mama." Hasira yote tuliyoijenga tangu mwanzo ikayeyuka pale pale.

Na mlangoni bado nikasikia: "Mmetukatia wimbo."

Mamma Mia! inatenga wakati wake wa kuinuka: hadithi ikiisha waigizaji wanarudi na mavazi ya kumetameta, wanaimba tena, ukumbi mzima unacheza. Tunarudia mwezi ujao. Nitangaze kwamba kutunza ni mwishoni tu?

Rithimu ya Zamani:
Binti, wimbo mliukatia wapi?

Mwongozaji wa Kirumba:
Shikamoo mzee. Baada ya beti mbili. Chemko, ile sehemu ya kasi mwishoni, hatukupiga.

Rithimu ya Zamani:
Marahaba. Basi malalamiko ya mlangoni ni ya haki. Nimepiga gitaa la rithimu kwenye bendi miaka mingi. Kuimba taratibu ni kwa ajili ya masikio. Chemko ndiyo ruhusa ya kuinuka, magitaa yanajibizana na watu wanaingia kati. Wewe umetenga ugali, sato ukarudi naye jikoni. Tafuta mahali kwenye hadithi ambapo ugomvi unaisha, chemko ikae hapo.

Nilikuwepo Jumamosi:
Mimi naunga mkono tangazo. Nilikaa nyuma, na maneno ya baba aliporudi sikuyasikia, naona migongo tu. Nililipa kiingilio nisikie hadithi.

Mtu wa Kisesa:
Pole ndugu, ila fikiria watu wenyewe. Huku kwetu Usukumani Bagika na Bagalu, yale makundi mawili ya wacheza ngoma, wakishindana, tangu enzi za wazee mshindi ni aliyevuta watu wengi. Watu wakihama duara lako, umeshindwa. Mtazamaji aliyelelewa hivyo miguu yake ndiyo kura yake. Ukimkalisha, umemnyima neno.

Dada wa Taarabu:
Mwongozaji, yule mama hakuja kucheza. Kwenye taarabu mtu anainuka pale mstari unapomgusa, na noti ni jibu lake. Huenda naye kuna mtu aliondoka na meli. Kosa ni la mwigizaji kutoka kwenye uhusika. Mwambie noti aipokee kama mama wa Luchelele anayeungwa mkono na majirani, macho yabaki kwa mume. Hapo kila atakayepanda anamwongezea mume aibu.

Mwongozaji wa Kirumba:
Dada, umenifungua macho. Sitatangaza chochote. Ndugu wa nyuma, maneno ya baba tumeyasogeza mpaka watu warudi kwenye viti, na chemko inapigwa anapopiga magoti kuomba radhi. Jana mazoezini nilipanda mwenyewe katikati ya ubeti, nikambandika yule mwigizaji noti. Hakunitazama. Aliibandua, akaikunja taratibu, akaichomeka kwenye pindo la kanga huku anaimba, na mume akaweka sanduku chini bila kuambiwa.