Kupulizia au kukamua kwa skrubu: nichague njia ipi kwa dawa isiyomumunyika?

Kichanganyio: Wakuu, salaam. Nina dawa inayogoma kumumunyika majini, nataka kuiweka katika hali ya amofasi, yaani molekuli zisizojipanga kuwa fuwele, ndani ya polima. Kilichobaki ni njia: kukausha kwa kupulizia, au kuyeyusha na kukamua kwa skrubu pacha? Ijumaa natakiwa kusema mashine gani ikodiwe.

Fuwele77: Mkuu, umeuliza nusu. Inayeyuka kwa nyuzi ngapi? Inaanza kuharibika kwa ngapi? Tg yake, yaani joto la mpito wa kioo, ambapo amofasi ngumu huanza kulainika? Polima gani? Dozi? Bila hayo tutapiga ramli.

Bi_Maabara: Na inamumunyika kwenye asetoni au methanoli? Isipokubali kiyeyushi chepesi, kupulizia sahau.

Kichanganyio: Niwieni radhi. Inayeyuka nyuzi 212, Tg 48, asetoni inaikubali. Polima ni PVP, ndiyo iliyopo kabatini.

MzeeWaPolima: Kijana, kuwepo kabatini si sababu. PVP inavuta unyevu mno. Niliwahi kupulizia indometasini ndani ya PVP, dawa nyingi, polima kidogo. Indometasini peke yake Tg yake ni kama nyuzi 42. Unga ulitoka mzuri, eksirei ikaonyesha kilima kimoja kipana bila kilele hata kimoja, yaani hakuna fuwele, tukafurahi. Kisha mtu alifungua chupa kupima uzito, akairudisha bila kukaza kifuniko. Maji yakiingia kwenye unga wa namna hiyo huulainisha: Tg inashuka, molekuli zinapata nafasi ya kusogea, zinajipanga. Wiki ya tatu kulikuwa na kilele kidogo cha fuwele. Ya sita vilele vimejaa, na umumunyifu umerudi ulikotoka. Miezi minne ya kazi ilipotea. Tangu hapo nahifadhi nyuzi 50 chini ya Tg, na Tg ninayoihesabu ni ya unga ulionyonya unyevu, si ule mkavu. Chukua polima ya HPMC asetati suksineti, upulizie.

Kinu: Mzee, mimi nabaki na skrubu. Hakuna kiyeyushi cha kuondoa, na unga wake si mwepesi kama vumbi. Nyuzi 212 zisimtishe: dawa inaweza kumumunyika ndani ya polima ya kopovidoni iliyolainika kabla haijafika joto lake la kuyeyuka. Kumbukeni ritonaviri, ile dawa ya virusi vya UKIMWI. Mwaka 1998 kapsuli zilitolewa sokoni kwa sababu ya fuwele. Baadaye vidonge vya kopovidoni vilivyopita kwenye skrubu havikuhitaji jokofu.

Bi_Maabara: Kaka Kinu, mfano huo usiuchanganye. Kwenye zile kapsuli dawa ilikuwa imemumunyishwa kwenye kimiminika, ikajitokeza aina mpya ya fuwele iliyo thabiti zaidi na ngumu kumumunyika. Amofasi haikuhusika.

Kinu: Nakubali kuhusu kapsuli. Vidonge je?

ChembeNdogo: Kwa nini amofasi hata hivyo? Saga fuwele hadi nanomita mia chache, uimarishe isigandamane. Itabaki fuwele, hutalala ukiwaza unyevu.

Msomaji_Kimya: Samahani, kioo si kimiminika kinachotiririka polepole? Nimesikia vioo vya makanisa ya kale ni vinene upande wa chini.

Fuwele77: Hapana. Unene ule ulitokana na utengenezaji wa zamani, karatasi za kioo hazikuwa sawasawa. Kwa joto la chumba kioo cha dirisha hakitiririki kiasi cha kuonekana hata kwa karne nyingi. Ila swali lako linagusa jambo: chini ya Tg molekuli hazijalala kabisa, ndiyo maana Mzee anataka nyuzi 50 za akiba. Kichanganyio, dozi bado hujaitaja.

Kichanganyio: Miligramu 400.

Fuwele77: Basi piga hesabu. Dawa ikiwa asilimia 25 ya mchanganyiko, kidonge kinabeba miligramu 1,600 kabla ya kuongeza chochote. Nani atakimeza?

MzeeWaPolima: Agawe mara mbili.

ChembeNdogo: Ama asage.

Kichanganyio: Dozi sikuwa nimeiweka kwenye hesabu. Nimeomba Ijumaa isogezwe. Kesho napulizia kiasi kidogo, dawa asilimia 40 kwenye HPMC asetati suksineti, kisha nauweka unga kwenye unyevu nione kama utasimama.

Kinu: Na kopovidoni kando yake, tafadhali.