MJADALA: Aliyejitambua kupitia intaneti kuwa ana usonji au ADHD, asikilizwe au aambiwe asubiri vipimo?

Mtoa mada:

Ndugu wasomaji, naleta mezani swali ambalo kila likiguswa huwagawa watu papo hapo. Mtu mzima ambaye miaka yote ameitwa mvivu, msahaulifu au asiyejua kuishi na watu anasoma mtandaoni habari za usonji (autism) au ADHD, yaani hali ya ubongo inayomfanya mtu ashindwe kutulia na kuwa makini, anajiona humo kuanzia mstari wa kwanza hadi wa mwisho, kisha anaanza kujieleza hivyo kwa ndugu zake, kwa mwajiri na hata kwa daktari. Je, asikilizwe, au anyamaze hadi apimwe?

Msimamo wangu ni kwamba asikilizwe, ingawa nakiri mapema kuwa hoja ya wanaokataa ina uzito. Utafiti uliochapishwa mwaka 2022 ulichambua video 100 za ADHD zilizopendwa sana kwenye TikTok, ukabaini kwamba 52 kati yake zilikuwa zinapotosha. Mwingine wa mwaka 2025, nao wa video 100 za mtandao huohuo, ulikuta kwamba chini ya nusu ya madai kuhusu dalili ndiyo yaliyolingana na vigezo vya kitaalamu. Wala sidhani kwamba hilo linatokea kwa bahati mbaya, kwa kuwa jambo linalompata kila binadamu, mfano kusahau mahali alipoweka funguo, likishaitwa dalili huvuta watazamaji wengi kuliko maelezo makini, na mitandao hii huishi kwa idadi ya watazamaji.

Hata hivyo, wanaosema "achana na intaneti, nenda kwa wataalamu" husahau kwamba wataalamu nao walichelewa. Daktari Leo Kanner alipoeleza usonji mwaka 1943 aliandika kuhusu watoto 11, wavulana wanane na wasichana watatu, na mwaka uliofuata daktari mwenzake Hans Asperger akaeleza habari za wavulana wanne. Picha hiyo ya mtoto wa kiume ilikaa vichwani mwa madaktari kwa miongo mingi, na wanawake wengi wakapita bila kuonekana, au wakatibiwa wasiwasi na sonona peke yake. Tena, hadi mwaka 2013 mwongozo wa DSM, unaotolewa na chama cha madaktari wa afya ya akili cha Marekani, haukuruhusu mtu mmoja atambuliwe kuwa na usonji na ADHD kwa wakati mmoja. Waliokuwa wakisema "mimi ninavyo vyote viwili" walikuwa na haki hata kabla mwongozo haujakubali.

Mchangiaji wa kwanza:

Mtoa mada, nakushukuru kwa kuiweka mada kwa utulivu, ila sikubaliani nawe, kwa sababu umeruka jambo ambalo ndilo kiini cha utambuzi. Kwa ADHD ya mtu mzima, DSM inataka dalili zisizopungua tano kati ya tisa za kutotulia kiakili, au tano kati ya tisa za kuhangaika na kukurupuka. Kadhaa kati ya hizo ziwe zilionekana kabla ya umri wa miaka 12. Zijitokeze katika mazingira mawili au zaidi. Ziwe zinaharibu maisha kweli. Na pasiwe na sababu nyingine inayoeleza vizuri zaidi hali hiyo. Sharti hilo la mwisho hakuna video inayoweza kulitimiza kwa niaba yako. Tezi ya shingo isiyofanya kazi sawasawa, kukatika kwa pumzi usingizini, wasiwasi wa muda mrefu na majeraha ya kisaikolojia ya utotoni, vyote vinaweza kumfanya mtu ashindwe kutulia na kukumbuka mambo.

Tazama ASRS, hojaji ya dalili za ADHD kwa watu wazima iliyoandaliwa kwa ushirikiano na Shirika la Afya Duniani, ambayo ina maswali 18 na inapatikana bure. Swali lake la kwanza huuliza ni mara ngapi unapata shida kukamilisha vipengele vya mwisho vya kazi baada ya sehemu ngumu kuisha. Mzazi wa mtoto mchanga anayelala saa nne kwa usiku atajibu "mara nyingi sana", na atakuwa amesema kweli tupu. Hojaji hiyo ilitengenezwa ili kuonyesha nani anafaa kuchunguzwa zaidi, lakini huko mtandaoni matokeo yake husomwa kama hukumu.

Halafu kuna wanaofanya biashara. Mwaka 2019 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilitoa onyo kuhusu kinywaji cha klorini dayoksaidi kilichokuwa kikiuzwa mtandaoni kwa madai kwamba kinaponya usonji, ilhali kukinywa ni sawa na kunywa kemikali ya kung'arishia nguo. Anayejitambua peke yake ndiye mteja ambaye wauzaji hao humvizia.

Mchangiaji wa pili:

Mimi ni miongoni mwa waliotambuliwa rasmi kuwa na usonji wakiwa watu wazima, na nilianza kwa kusoma mtandaoni, kwa hiyo siwezi kujifanya sina upande. Ninachotaka kuuliza ni hiki: huyo tunayemkataza video asome wapi? Zamani jibu lilikuwa rahisi, kwamba aende kwenye tovuti za taasisi. Sasa tazama: jarida la kitabibu la The Lancet lilichapisha mwaka 1998 makala ya watoto 12 iliyohusisha chanjo na usonji, likaja kuiondoa mwaka 2010. Utafiti wa Denmark wa mwaka 2019, uliofuatilia zaidi ya watoto 650,000, haukukuta uhusiano wowote. Pamoja na hayo yote, mwezi Novemba 2025 ukurasa wa CDC, taasisi ya serikali ya Marekani ya kudhibiti magonjwa, uliokuwa ukisema chanjo hazisababishi usonji ulibadilishwa, ukasema kauli hiyo haina msingi wa ushahidi. Anwani ni ileile na nembo ni ileile, ila maneno yamegeuka.

Mashine nazo hazijatuokoa. NEDA, shirika la Marekani linalosaidia watu wenye matatizo ya ulaji, liliondoa roboti yake ya mazungumzo mwaka 2023 baada ya kubainika kwamba ilikuwa ikitoa ushauri wa kupunguza uzito, yaani ushauri uleule unaowadhuru watu hao. Siku hizi ukitafuta dalili yoyote unatangulizwa muhtasari wa akili mnemba, kisha kurasa zinazonakiliana, huku maandishi ya watu wanaoishi na hali hizi yamehamia kwenye vikundi vilivyofungwa ambavyo mtambo wa utafutaji hauvifikii. (Kwangu hiyo ndiyo hasara kubwa, na haizungumzwi.) Watu hao nawaamini wanaponieleza namna ya kumudu kelele za ofisini, wakianza kueleza chanzo cha usonji, natafuta utafiti wenyewe na kuangalia ulihusisha watu wangapi na nani aliugharimia.

Mtoa mada:

Nimewasoma wote wawili. Mchangiaji wa kwanza amenifanya niubane msimamo wangu: uthibitisho unaodaiwa ulingane na kinachoombwa. Anayeomba apewe maelekezo ya kazi kwa maandishi, au aruhusiwe kuvaa vifaa vya kuziba masikio, hamdhuru mtu, na sioni sababu ya kumdai cheti. Anayeomba dawa za ADHD, ambazo nyingi ziko chini ya udhibiti mkali na zinaweza kupandisha shinikizo la damu, lazima achunguzwe, na hapo hojaji ya mtandaoni haitoshi hata kidogo.

Panaponitatiza ni katikati, kwa mfano muda wa ziada kwenye mtihani. Haudhuru mwili wa mtu, lakini unagusa haki ya watahiniwa wengine, na kudai cheti kunampendelea mwenye uwezo wa kulipia uchunguzi. Hapo naomba wengine waingie, hasa walimu na wasimamizi wa mitihani.