Naomba ushauri: HDR inapotea nikipitisha picha kwenye amplifaya

Wakuu, habari za jioni. Nina TV ya 4K, deki ya Blu-ray ya 4K na amplifaya ya hom thieta. Deki ikichomekwa moja kwa moja kwenye TV, alama ya HDR (picha yenye mwanga na rangi pana zaidi) inatokea kwenye kona ya skrini na picha inapendeza mno: taa za usiku zinang'aa na gizani bado unaona mikunjo ya nguo. Nikipitisha kwenye amplifaya, alama haitokei na rangi zinapauka kama shati lililofuliwa kwa jiki. Sauti iko safi kabisa.

Kitabu cha amplifaya kinasema inapitisha HDR10, yaani aina ya kawaida ya HDR. Upande wa TV, tundu la HDMI nimeshaliwashia mpangilio wa mawimbi mapana, unaoruhusu 4K yenye HDR ipite. Waya wa kwenda kwenye TV ni wa mita 10 na umefukiwa ukutani, kwa hiyo kuubadilisha ni kubomoa plasta. HDMI 2.0 inaishia gigabiti 18 kwa sekunde, na video ya fremu 60 ingeweza kuulemea waya mrefu hivyo. Ila filamu za fremu 24, ambazo ni nyepesi zaidi, nazo zina shida ileile. Ndiyo maana naishuku zaidi amplifaya.

Je, kila tundu la amplifaya nalo lina mpangilio wake kama huo wa kuwashwa? Sitaki kuchomeka deki kwenye TV kisha kurudisha sauti kwenye amplifaya kwa ARC (njia ya HDMI ya kurudisha sauti kutoka kwenye TV), maana TV yangu haina eARC, toleo lake lenye uwezo mkubwa zaidi, na Dolby TrueHD, sauti ya filamu yenye ubora kamili, haitapita bila kupunguzwa. Na kama ni waya, ule wa faiba unafaa kupita ukutani?